Sakafu ya Mafuta ya Papa

Fuadi alianguka Jumamosi asubuhi, na hata adhuhuri haijaadhiniwa mtaa mzima ulikuwa umeshajua nani wa kulaumiwa. Mwanapili aliletewa habari hizo uani kwake, akikaanga samaki. Aliyezileta ni jirani yake Tima, anayeuza sambusa kwenye lango la chuo kikuu na ambaye habari haimkai kifuani hata umlipe. Nahodha wa timu ya mpira wa kikapu, akasema, ameteleza kwenye sakafu mpya kama aliyekanyaga matumbo ya samaki. Goti limemvimba, wamembeba juu juu mpaka hospitali, na ukumbi wote unanuka papa.

Tima hakusema sakafu ile ilitandikwa na nani. Alimtazama Mwanapili, akatazama kikaango, akauliza kama samaki hawaungui. Walikuwa wanaungua kweli.

Kwa asiyekijua, chuo kile ndicho fahari ya Kismayu. Maktaba yake huvuja kila masika na wanafunzi wa sayansi hupanga foleni kwa darubini moja, lakini kwenye michezo hakina simile. Kina uwanja wa kandanda wenye nyasi za kweli, zinazonyweshwa hata siku ambazo mji wenyewe una kiu. Kina njia ya kukimbilia ya udongo mwekundu, na ua wa kuta ndefu ambamo wasichana hucheza voliboli bila kukodolewa macho na wapita njia. Vikombe vimepangwa kwenye kabati la kioo lenye taa isiyozimwa. Na mwaka huu kimepata ukumbi: paa la mabati, viti vya ngazi pande mbili, wanaume huku na wanawake kule, na sakafu ya mbao. Mashindano ya vyuo yalikuwa yanakuja Kismayu kwa mara ya kwanza, na wageni wa Mogadishu na Baidoa walikuwa wanakuja kwa ndege.

Mbao zilifika bandarini. Mafundi wa kuzitandika hawakufika. Ndipo Badi, mtoto wa Mwanapili, aliyekuwa mchezaji wa akiba, alipomwambia mkuu wa michezo, Maalim Abdirahman, kwamba babake ni muunda mashua na mbao akizipanga yeye hata maji hayapati pa kupita. Badi alikuwa akisoma pale kwa nafasi ya michezo. Maadamu yumo kwenye timu, ana kiti darasani. Akitolewa kwenye timu, na kiti kimekwenda. Ndiye wa kwanza katika ukoo wao, upande wa kisiwa cha Chula na upande wa kisiwa cha Koyama, kukanyaga chuo kikuu, na Mwanapili alikuwa akilitaja jambo hilo hata kwa watu waliomuuliza bei ya nazi.

Abdulkadiri, mumewe, aliitandika sakafu kama anavyojua yeye. Aliziba viungo kwa pamba, akapiga randa mpaka ukipitisha kiganja hujui ubao mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Ikabaki kazi ya mwisho, ambayo kwao visiwani haihesabiwi kuwa kazi bali ni adabu. Fundi hamkabidhi mwenyewe mbao kavu. Huzipaka mafuta ya ini la papa kwa mkono wake na kwa gharama yake, ndiyo zawadi yake ya kuagana. Ukikabidhi mbao kavu ni kama umemtukana mtu. Abdulkadiri hakuwahi kumtukana mtu, na dumu la mafuta lilikuwa limeshawasili kutoka kwa dadake aliyeko Chula.

Hata hivyo aliuliza kwanza. Hilo Mwanapili alilijua vizuri, kwa sababu simu iliyotumika ilikuwa yake. Alikuwa amempelekea mumewe chakula ukumbini, wakampigia Badi, na sauti ikawekwa wazi maana mikono ya Abdulkadiri ilijaa vumbi la mbao.

"Badi, mwanangu, kazi imekwisha. Nna mafuta ya papa hapa. Niipake sakafu, au wachu wa mpira hawataki?"

Upande wa pili zilisikika sauti za vijana wakicheka na kusemezana Kisomali. Badi naye, badala ya Kibajuni cha nyumbani, akajibu kwa Kisomali, harakaharaka, kwamba apake tu, na simu ikakatwa.

Akapaka. Sakafu ikang'aa hata taa za darini zikaonekana chini. Mwanapili alisimama mlangoni akaona raha, akasema Mwenyezi Mungu ampe mumewe umri. Joto la mabati halikuwa limeanza bado kuyatoa mafuta juu na kuiamsha harufu yake.

* * *

Badi alirudi mchana na uso umemsawijika. Alikataa chakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba akawa anazisokota ncha za shati lake kama alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja kitu.

Habari zilikuwa mbaya kuliko zile za Tima. Fuadi hataweza kucheza mashindano, na nafasi yake inamwangukia Badi, kwa kuwa ndiye wa akiba wa nafasi hiyo. Watu wamejumlisha wenyewe: mchezaji wa akiba kamleta babake, babake kamwaga mafuta, nahodha kaumia, mchezaji wa akiba kapanda. Ami zake Fuadi si watu wa kutaniwa. Maalim Abdirahman anawataka wazazi wote wawili ofisini baada ya alasiri.

Abdulkadiri alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyatoa polepole.

"Siku ile kwenye simu, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilitaja mafuta ya papa?"

"Ulitaja, baba. Nilisikia kila neno." Badi hakunyanyua kichwa. "Nilikuwa na wenzangu. Nikisema Kibajuni huniita samaki, siku nzima ni mzaha. Nilitaka simu ikatike tu. Nilijua mpira hauchezwi juu ya mafuta, nilijua, lakini nikasema upake."

Mwanapili hakuwa na hasira na mtoto. Alikuwa na woga, na woga ule ulimfanya afikiri upesi kuliko wote wawili.

Abdulkadiri aliona jambo ni jepesi. Wataenda, watasema ukweli: aliuliza, akajibiwa, hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya. Mwanapili akamwambia hajui watu wale. Wakisikia Badi aliulizwa, watasema alijua. Wakisema alijua, watasema alikusudia. Hapo hapana tena chuo, na Mungu akiwanusuru litaishia kwenye chuo tu.

"Mimi sijui kusema uwongo, Mama Badi," Abdulkadiri akasema.

"Basi nyamaza. Kunyamaza unajua."

* * *

Mlinzi wa lango aliwaweka nje mpaka alasiri ikapita, ingawa aliwajua vizuri. Alikuwa amekula sambusa na Abdulkadiri siku zote za kazi ile. Mlangoni mwa ofisi waliambiwa wavue viatu, wasije wakaleta mafuta ndani. Viatu vya Mwanapili havikuwa na mafuta yoyote. Alivivua. Msichana wa mapokezi akafungua dirisha, akajifanya anasikia joto.

Maalim Abdirahman hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na simu ilikuwa inamlilia mezani bila yeye kuipokea. Ukumbi ule aliuomba miaka mingi, na sasa ulikuwa umemkaa shingoni. Pembeni yake aliketi ami yake Fuadi, mwanamume mwenye ndevu za hina na kilemba kizuri, ambaye hakuitikia salamu. Badi alisimamishwa kando ya kabati la vikombe, taa ya kabati ikimpiga shavuni.

Mazungumzo yalikuwa ya Kisomali. Abdulkadiri aliulizwa kwa nini alipaka mafuta, akaeleza desturi yao, neno moja moja. Ami yake Fuadi akacheka bila kufungua mdomo, akamwambia Maalim kwamba wamemkabidhi ukumbi mtu anayedhani unaelea. Maalim hakucheka. Aliuliza kama kijana alijua.

Abdulkadiri alivuta pumzi. Mwanapili alimjua mumewe miaka yote hiyo, aliijua pumzi ile, na alijua ni kitu gani kinafuata. Akamtangulia.

"Hakujua."

"Mimi nimemuuliza mzee," Maalim akasema.

"Siku ile mimi nilikuwapo, na simu iliyokuwapo ni yangu. Hatukumpigia mtoto. Hakujua kitu."

"Aape," ami yake Fuadi akasema, akitazama dirishani.

Mwanapili alimwona Badi akifumbua midomo, akamkazia jicho mpaka midomo ikafungika.

"Wallahi hakujua."

Maalim Abdirahman alishusha mabega kama aliyetuliwa gunia. Alitaka sana iwe hivyo, na mtu akitaka sana jambo liwe, haulizi mara ya pili. Akatoa uamuzi wake. Badi atacheza, kwa sababu hakuna mwingine. Familia itaisafisha sakafu kabla ya wageni kuteremka. Habari ya malipo yaliyosalia isitajwe. Abdulkadiri asikanyage tena chuoni, hata kwa kumfuata mtoto. Na siku itakapojulikana kwamba kijana alijua, hatamuuliza mtu. Siku hiyo hiyo Badi atarudisha jezi na nafasi yake ya masomo imekufa.

Njiani Abdulkadiri alitembea mbele. Kwa kawaida alikuwa akimngoja mkewe kwenye kila kona.

* * *

Waliisafisha wanawake. Mwanapili aliwakusanya wa mtaani, watu wa Chula na wa Koyama, Tima akiwa wa kwanza kuja na wa kwanza kulalamika. Waliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo za maji ya moto, majivu ya jikoni na mchanga wa pwani. Walipiga magoti, wakasugua ubao mmoja baada ya mwingine, wakakamua matambara, wakamwaga majivu mengine. Ule mng'aro wa Abdulkadiri ulitoka. Sakafu ikawa na rangi ya kijivu, ngozi yake ikawa kavu, mguu ukashika. Mwanapili aliivunja kwa mikono yake kazi aliyoiombea dua, na kila aliposugua alijiambia kwamba ni mbao tu.

Harufu haikutoka. Mafuta ya papa yakishaingia kwenye mbao hayaondoki kwa majivu, na wenyewe walilijua hilo kabla hawajapiga magoti.

Wanafunzi walikuja kuchungulia, mashungi na mikono puani. Mara timu ikapita kwenda mazoezini nje, Badi kati yao na jezi yenye namba ya Fuadi. Alimwona mamake chini, mikono imeingia majivu hadi viwikoni. Akapunguza mwendo. Mwanapili akatikisa kichwa kidogo: pita. Akapita. Yeye ndiye aliyemwambia apite, na bado ilimuuma kana kwamba hakumwambia.

Nyumbani Abdulkadiri hakumlaumu. Aliswali, alikula, alikwenda pwani kwenye kazi zake akarudi. Lakini aliacha kumwita Mama Badi. Siku moja tu, akinawa mikono, aliuliza kile kiapo amekifanyia nini.

"Nitafunga, iwe kafara yake," Mwanapili akajibu. "Nimeshauliza. Watu hufunga."

"Hufunga wakishautengeneza uwongo wenyewe," Abdulkadiri akasema, akajifuta mikono.

Alianza kufunga siku ile ile, bila kutengeneza kitu. Usiku alihesabu mihula iliyobaki ya Badi, na kila mlango ulipobishwa moyo ulimpaa. Alimwogopa Tima, aliyekuwa na mazoea ya kuuliza siku ya simu ilikuwaje. Alimwogopa mumewe msikitini, asije akaulizwa akasema kweli. Zaidi alimwogopa Badi, kwa sababu Badi alikuwa ameacha kula na ameacha kumtazama babake, na mtoto wa namna hiyo hujui atafanya nini.

* * *

Mchezo wa mwisho, Kismayu na Mogadishu, ulitangazwa redioni alasiri. Abdulkadiri hakuruhusiwa chuoni na Mwanapili hakutaka kwenda peke yake, kwa hiyo walikaa uani, redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Tima alikuja na mkeka wake bila kualikwa.

Mtangazaji alikuwa kijana mcheshi. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba ukumbi umejaa mpaka ngazini, mabati yanachoma, na wageni wanauliza kama wameletwa ukumbini au soko la samaki. Watu waliokuwa karibu naye wakaangua kicheko. Abdulkadiri alikuwa anachonga kijiti kwa kisu. Aliendelea kuchonga.

Mwanapili hakusikiliza pointi. Alisikiliza miguu. Kila mtangazaji aliposema fulani anakimbia, anageuka, anaruka, yeye alingoja neno moja tu, ameteleza, na neno hilo halikuja. Sakafu ilishika tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika za mwisho jina la Badi lilitajwa mara nyingi hata Tima akaacha kuongea, kisha ukumbi ukalipuka kwa kelele, na redio ikawa inakoroma tu. Kismayu wameshinda. Kikombe kinabaki.

"Alhamdulillahi," Mwanapili akasema, akafunika uso kwa mikono miwili. Yamekwisha, akafikiri. Mtoto mwenye kikombe hafukuzwi.

Mtangazaji alimvuta Badi kwenye kipaza sauti. Alimsifu, akamuuliza ya mchezo, Badi akajibu kwa Kisomali safi, sauti imekauka. Kisha mtangazaji akataka kufunga kwa mzaha. Akasema watu wa mjini wanasimulia kwamba kuna mzee mmoja wa visiwani aliyedhani ukumbi ni mashua akaupaka mafuta ya papa. Nyinyi wachezaji mnaoivuta harufu hii kila siku, mnamwambia nini mzee yule?

Vijana walicheka nyuma yake. Badi hakucheka. Redio ilikaa kimya mpaka Tima akanyoosha mkono kuitikisa.

"Yule mzee ni babangu," Badi akasema, bado kwa Kisomali. "Hakudhani ukumbi ni mashua. Aliniuliza kwa simu kama apake, nikamwambia apake. Nilijua ni mafuta ya papa na nilijua yanateleza. Niliona haya kuzungumza naye mbele ya wenzangu, ndiyo sababu yangu, sina nyingine. Fuadi, kama unasikia, nisamehe."

Kisha akasema kwa lugha ya nyumbani, kwenye redio ya mji mzima:

"Baba, uliniuliza. Mchu wa kulaumiwa ni mimi."

Ilisikika sauti ya Maalim Abdirahman ikiita jina lake, mara moja. Wakaweka muziki.

Tima aligeuka taratibu akamtazama Mwanapili. Mtaa mzima ulikijua kiapo. Ami yake Fuadi alihakikisha. Mwanapili alitamani ardhi impe nafasi. Tima, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikunja mkeka wake akaondoka bila kusema neno, na hilo lilimtisha Mwanapili kuliko maneno yote ambayo angeyasema.

Kisu cha Abdulkadiri kilikuwa kimesimama katikati ya kijiti. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta.

* * *

Badi aliingia kabla ya magharibi. Alivaa shati la kuazima. Jezi aliivua pale pale ukumbini, akamkabidhi Maalim mkononi wakati wenzake wakipiga picha na kikombe. Maalim hakumgombeza. Alimwambia kwamba alimwekea sharti mbele ya mashahidi, na kwamba angependa sana kama Badi asingesema. Kesho aende akachukue vyeti vyake.

"Wamenitoa, baba."

"Nimesikia," Abdulkadiri akasema. Akasogea kwenye kitanda cha kamba, akapiga kiganja pale penye nafasi. "Kaa hapa."

Badi akakaa. Mabega yao yaligusana na hakuna aliyejiondoa. Wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, Kibajuni, habari za goti la Fuadi, na kwamba kesho waende pamoja wakamwone, wakafukuzwe wakifukuzwa.

Mwanapili alibaki jikoni akiwasikia. Alikuwa amesugua sakafu ile kwa magoti. Alikuwa ameapa. Kiti kile darasani alikiona kila alipofumba macho, na sasa kimekaliwa na mtoto wa mtu mwingine, na hawa wawili wanazungumza kana kwamba wamepata kitu. Alilia kidogo, kwa hasira hasa, akiupa moto mgongo. Kisha akapakua wali, akamwaga mchuzi, akaenda kuiweka sinia mbele yao kwa kishindo.

Badi alimtazama. Zilipita siku nyingi hajamtazama hivyo.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Nimekasirika sana, Badi. Umeniumbua mbele ya mji mzima, na ulichokitupa wewe mimi nilikinunua kwa jina la Mungu."

"Najua."

"Hujui. Utajua ukizaa." Alikaa chini ng'ambo ya sinia, akavuta kanga mabegani. Mikono yake ilikuwa bado inanuka papa, akaitazama, akaacha kuificha. "Haya, kula. Yeo ule wali mpaka uishe."